Dada Hadija na Dawa Isiyo na Jina

Dada Hadija,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijawahi kuanza kusema na wewe bila kukuamkia, na uzee huu si wakati wa kujifunza utovu wa adabu. Rehema amenipigia simu kutoka Ubiri. Anasema mvua imenyesha vizuri, kabichi za bondeni zimefunga, na huko juu ulikolala majani yamekuwa marefu, atayafyeka Ijumaa. Mimi nipo Dar es Salaam. Nina jambo la kukuambia, ila lenyewe lilianzia kwako, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali.

Wewe ulikuwa mtu wa kuuliza. Wakubwa walichoka na wewe. Unakumbuka lile lori la mboga lililoharibika kwenye kona za Soni? Sisi abiria wote tulikwenda kukaa kwenye majani, tukimlaumu dereva kwa sauti ya chini. Wewe ukaenda kusimama ubavuni pake, ukamuuliza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Akakufokea. Ukasubiri, ukauliza tena. Mwishowe akakuonyesha, nadhani ili umwache, na uliporudi ulikuwa na grisi kwenye kanga na ukatueleza njia yote ya maji kana kwamba ulikuwa umelitengeneza lori mwenyewe. Mama akasema, "Huyu mtoto atakuja kumuuliza malaika mtoa roho anatokea wapi." Tukacheka sana siku ile.

Ugonjwa ulikujia miaka ya mwanzo ya Azimio la Arusha. Redio ya balozi wetu wa nyumba kumi ilihubiri kujitegemea asubuhi na jioni, na wanawake wa Ubiri walikuwa wamepangiwa siku zao kwenye shamba jipya la pamoja. Wewe ulikuwa na mimba ya pili. Rehema, mtoto wako wa kwanza, alikuwa ndio kwanza ameanza kutumwa dukani. Tumbo lako likakua kwa kasi ya kutisha, mimba changa ikaonekana kama ya kukaribia kujifungua, na wenzako wakasema ni pacha. Halafu siku moja, jembe likiwa mkononi, damu ikakutoka pale pale shambani. Walikubeba kwa machela mpaka hospitali ya Lushoto.

Bwana Mganga, ndivyo tulivyomwita tabibu wa pale, alisema hapakuwa na mtoto. Alisema ni mimba zabibu, mimba iliyopotea njia, ikawa vifuko vya maji badala ya kiumbe, na kwamba ameshaisafisha. Ulipopata nguvu ya kukaa, ukamuuliza, "Zabibu ni kitu gani?" Huku kwetu tulikuwa na mapea na matunda damu, zabibu tulikuwa hatujaziona. Akakueleza kwamba ni tunda dogo linaloota kwa vichala. Alipoondoka ukanigeukia ukasema kwa Kishambaa kwamba ni afadhali asingekipa kile kitu jina la tunda.

Tulidhani yameisha. Miezi ikapita, damu ikarudi, na safari hii ikaja na kikohozi. Ukakonda mpaka bangili zikawa zinateleza zenyewe. Mama mkwe wako alimleta mzee mmoja mwenye dawa za majani, na wewe, ukiwa huna hata nguvu ya kushika kikombe, ukamuuliza ni majani ya mti gani. Akakasirika. Akasema dawa ikitajwa inaishiwa nguvu. Ukainywa kwa heshima ya mama mkwe, lakini nilikuona usoni, ulikuwa umeshamwondoa yule mzee moyoni.

Bwana Mganga wa Lushoto ndiye aliyesema uende Dar es Salaam. Nikachaguliwa mimi kukusindikiza, kwa kuwa nilikuwa nimemaliza darasa la nane, nasubiri kuitwa chuo cha ualimu, na Kiswahili changu kilikuwa chepesi kuliko chako. Tuliteremka na basi mpaka Mombo, joto likatuvaa, nikakuvua sweta na kukufunika tena kwa sababu ulikuwa unatetemeka. Njia nzima uliegemea bega langu. Ulikuwa mwepesi mno, dada. Nilikuwa naogopa kupumua kwa nguvu.

Yule daktari wa Dar es Salaam aliitwa Lema. Alikuwa kijana, amerudi karibuni kutoka masomoni, shati limepigwa pasi na viatu vimekwisha visigino. Alipiga picha ya kifua chako, na wewe ukataka kuiona. Nesi akasema wagonjwa hawaonyeshwi. Dokta Lema akaileta, akaishikilia dirishani. Tukaona mbavu zako, na katikati yake madoa meupe ya mviringo.

"Haya ndiyo yanayokukohoza," alisema. "Kondo la ile mimba liliacha mabaki. Mabaki yakageuka uvimbe, na uvimbe umesafiri kwa njia ya damu mpaka kwenye mapafu."

"Ni kansa?" nikauliza mimi.

"Ndiyo."

Mimi nikaanza kulia. Wewe ukauliza, "Umejuaje kwamba ni kondo na si kitu kingine?"

Ndipo akatuambia habari ya chura. Mpaka leo nikiwasimulia watu wanadhani natunga. Alisema mkojo wako umepelekwa maabara, na huko fundi amemdunga nao chura jike. Mkojo wa mwenye mimba humfanya chura atage mayai. Na chura wako alikuwa ametaga mengi kweli kweli.

"Basi nina mimba," ukasema.

"Huna. Uvimbe unatoa kile kile anachotoa mwenye mimba. Unamdanganya chura."

"Nataka kumwona."

Sijui nani mwingine duniani, akiwa amebakiza pumzi za kuhesabu, angeomba kupelekwa kumwona chura. Dokta Lema akacheka, kisha akaona hufanyi mzaha. Nikakusukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi maabara. Fundi akafunua mfuniko wa mtungi wa kioo, na ndani yake akawa anaelea chura mkubwa wa majini, mwenye kucha, na mayai meusi na meupe yametapakaa chini. Ukamtazama kwa muda mrefu. Ukamwambia, "Pole, mwenzangu. Wote wawili tumedanganywa." Fundi yule alicheka mpaka akashika meza.

Jioni ile Dokta Lema alivuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari hawakuwa nalo. Akasema kuna dawa mpya. Ilikuwa haijapata jina, ilikuwa na namba tu. Imeletwa ili ijaribiwe, na yeye ni mmoja wa waliopewa kazi hiyo.

"Inafanya nini?" ukauliza.

"Kondo ni kitu kinachokua upesi kuliko karibu chochote mwilini. Uvimbe wako umerithi mwendo huo. Dawa hii inawinda vinavyokua upesi."

"Nywele nazo zinakua."

"Nywele zitaondoka."

"Na ngozi ya mdomoni? Nikijiuma leo, kesho kutwa pamepona."

Akakutazama kidogo. "Na mdomo utaumia. Na utumbo, na damu. Haioni vizuri, inapiga na jirani."

"Nani ameshachomwa?"

"Hapa, wanawake wawili. Mmoja yupo kitanda kile cha mwisho. Mwingine alifariki."

"Kwa uvimbe au kwa dawa?"

Dokta Lema alisugua magoti yake. Namwona mpaka sasa. "Nadhani kwa uvimbe. Lakini sina hakika, na sitakudanganya kwamba ninayo. Hatua hii tunatafuta kwanza kiasi ambacho mwili unaweza kukivumilia. Kupona ni jambo ninalolitumaini. Siwezi kukuahidi. Ukikataa, tutakuhudumia kwa tulivyo navyo."

Uliniambia nikupeleke kitanda cha mwisho.

Pale alilala Bi Tabu, mama wa makamo kutoka Rufiji, kichwa chake hakina unywele hata mmoja, amekifunga kitambaa cha kijani. Tukamwamkia. Ukamuuliza sindano inaumaje, unaanza kuumwa wapi, unaweza kula nini, usingizi unakuja? Alikujibu moja baada ya jingine kwa subira, na alipochoka alisema, "Mwanangu, wewe ungekuwa hakimu." Akakuambia kwamba yeye alipewa dawa kidogo kwa kuwa alikuwa mmoja wa wa mwanzo, na kwamba wewe utapewa zaidi kidogo. Alisema hivyo kama mtu anayeelekeza njia ya kisimani.

Kisha akafika shemeji. Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao kule Shume, na alipopata habari alikuja kama alivyo, nguo zinanukia misonobari. Alipoelezwa, akasimama katikati ya wodi.

"Mke wangu si panya wa kujaribiwa."

"Ni kweli, Baba Rehema," ukasema. "Panya haulizi. Mimi nimeuliza."

"Na wamekujibu nini? Kwamba hawajui! Mtu hajui, unampa mwili wako?"

"Yule mzee wa majani alijua kila kitu, na hakuniambia hata jina la mti." Ulikohoa, nikakufuta mdomo, kitambaa kikawa chekundu, naye akakiona. "Huyu anachokijua ameniambia. Asichokijua ameniambia hakijui. Nikirudi Ubiri nitakufa, wewe unajua na mimi najua."

"Na Rehema je?"

"Nafanya kwa ajili ya nani, basi?"

Shemeji akatoka nje. Nilimfuata nikamkuta amekaa chini kwenye ukuta wa wodi, kofia mkononi. Ila hakuondoka mjini. Alifikia kwa binamu yake Ilala, na kila saa ya kutazama wagonjwa alikuwa wa kwanza mlangoni.

Siku za sindano zilipita vizuri hata nikaanza kutamba. Halafu mdomo ukachubuka. Ulimi ukavimba, midomo ikapasuka, ukashindwa hata kumeza mate. Nilikuwa napoza uji mpaka unakuwa baridi kabisa, nakutilia kwa ncha ya kijiko. Nywele zikabaki kwenye mto. Homa ikapanda, na Dokta Lema akasema chembe nyeupe za damu zimeshuka mno, akaisimamisha dawa. Alikuwa anakuja kila mara, hana tena pasi kwenye shati.

Nilimchukia, dada. Nilimkabili kwenye ushoroba nikamwambia kwa Kiswahili changu cha shule, "Tupe ruhusa yetu, tukafie nyumbani."

Akasema, "Ruhusa mnayo tangu siku ya kwanza. Nilimwambia hivyo yeye mwenyewe. Kamuulize."

Nikaja nikakuinamia. Kusema ulikuwa huwezi. Nikakuuliza, twende? Ukatikisa kichwa. Nikauliza tena, nikidhani hukusikia. Ukanishika kidole ukakibana, kwa nguvu ambazo sikujua zinatoka wapi, ukatikisa kichwa tena.

Homa ilishuka. Vidonda vikaanza kufunga kuanzia pembeni. Asubuhi moja, kabla Dokta Lema hajafika, fundi wa maabara alitokea mlangoni mwa wodi na koti lake jeupe, mahali ambapo hakuwa na kazi yoyote. "Hadija wa Lushoto yuko wapi?" akauliza. Ukainua mkono. "Hajataga," alisema. "Nimemwangalia mara mbili. Hajataga hata yai moja!" Wodi nzima ikapiga vigelegele, hata wasiojua ni nani hajataga.

Wakakupumzisha, wakakuchoma tena, kwa kiasi kilicho pungufu kidogo. Uliumwa, lakini si kama mara ya kwanza. Kwenye picha mpya madoa yalikuwa yamefifia, na kwenye ile iliyofuata tulizitazama mbavu zako tukaona mbavu tu. Shemeji aliishika ile picha mwenyewe, akaigeuza huku na huku dirishani, akimuuliza Dokta Lema maswali. Nikacheka kimoyomoyo, nikaona kumbe ugonjwa wako wa kuuliza unaambukiza.

Bi Tabu hakupona. Walipoona mwili wako umevumilia, walimwongezea na yeye dawa, lakini uvimbe ulikuwa umeshapanda kichwani. Alifariki wakati wewe umeanza kuruhusiwa kutembea bustanini. Ulirudi ukakuta kitanda kimetandikwa upya.

Siku ile hukula. Dokta Lema alipopita ukamzuia kwa mkono.

"Angepewa kama mimi tangu mwanzo, angepona?"

Alikaa kitandani, pale pale miguuni pako. "Huenda."

"Huenda?"

"Huenda angepona. Au huenda tungemuua siku zile za kwanza, maana hatukujua. Tulianza na kidogo kwake. Yeye alipovumilia ndipo tukathubutu kukupa wewe zaidi."

"Alijua hivyo?"

"Nilimwambia kabla ya sindano ya kwanza."

"Akasema nini?"

"Alisema watoto wake wameshakuwa wakubwa."

Ukafunika uso kwa kanga. Ndiyo mara pekee niliyokuona ukilia katika ugonjwa ule wote. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nilidhani unalia kwa msiba tu. Nimechukua miaka mingi kuelewa kwamba ulikuwa umepata jibu la swali lako, na jibu lilikuwa zito kuliko ulivyodhani.

Tulirudi Ubiri msimu wa baridi. Nywele zako ziliota upya, laini kama za mtoto. Kwenye shamba la pamoja wanawake walikuzunguka, na wewe, bila haya, ukawaeleza yote waziwazi, kwamba tumbo likikua upesi mno, au damu ikirudi baada ya mimba kuharibika, usikae nyumbani. Wazee walisema mambo ya ndani hayasemwi shambani. Ukayasema. Msichana mmoja wa jirani alipoanza kuvuja damu, ukamshika mkono ukateremka naye hadi Lushoto kwa miguu.

Na baadaye, tulipokuwa tumekwisha kukata tamaa, ukajifungua mtoto wa kike. Mama mkwe aliposikia jina ulilomchagulia alikataa katakata. "Mtoto ametokea baada ya taabu yote hiyo, halafu unamwita Tabu? Mwite Neema! Mwite Furaha!"

"Si taabu yangu ninayoitaja, mama," ukamwambia. "Hilo ni jina la mtu."

Dada, sasa nikuambie langu.

Lile titi walilonikata nilidhani limeondoka na mambo yake. Kansa imerudi, safari hii kwenye ini. Nimepata dawa za kawaida, zimefanya zilichoweza, sasa zimechoka. Mwezi uliopita daktari wangu, binti mdogo mwenye sauti ya upole, alinieleza kwamba walikichunguza kipande cha uvimbe wangu wakakikuta na alama fulani, na ipo dawa mpya iliyotengenezwa kuilenga alama hiyo peke yake. Ni vidonge. Nikamuuliza, "Haipigi majirani?" Akatabasamu, akasema inajitahidi, lakini ndicho wanachotaka kukijua. Ni hatua ya mwanzo. Wanatafuta kiasi. Watakaoingia mwanzo wataanzia na kidogo.

Mwanao Tabu, ambaye ndiye ninayekaa kwake, alikasirika. "Mama mdogo, kwa nini uanze wewe? Si wasubiri wengine waanze?" Alikuwa anajua nusu tu ya habari ya jina lake. Nikamsimulia yote, tumekaa jikoni, chai imepoa. Alipomaliza kulia aliniuliza Bi Tabu alikuwa na watoto wangapi. Sikujua. Hatukuwahi kumuuliza. Wewe uliyeuliza kila kitu, hilo likatupita.

Sijisifu ushujaa. Nina hofu ya kuumwa, nina hofu ya mdomo. Lakini kuna kitu kingine kinachonisumbua kuliko hofu, nacho nakijua, nilikuwa nakiona machoni pako ulipoinama juu ya ule mtungi wa kioo. Nataka kuona itakavyokuwa. Nikimeza kidonge hicho, kitaijuaje njia ya kwenda kwenye ini? Kitaitambuaje alama yake kati ya vyote vilivyomo humu ndani? Nimemuuliza daktari, akanichorea kwenye karatasi, nikamwambia achore tena.

Nimekubali. Jana wamenilaza ili waniangalie siku za kwanza. Nilimuuliza daktari ni nani hapa ameshaitumia, nikaongee naye. Akasema nchi za nje wapo, ila katika hospitali hii sijatanguliwa na mtu.

Leo asubuhi nimemeza kidonge cha kwanza. Hakikuwa na ladha. Nilikaa nasikiliza tumbo langu kama mtu anayesikiliza hodi. Mchana huu, kabla sijashika kalamu, alikuja mwanamke kijana kutoka wodi ya pili. Ametokea Zirai, kwao wanalima iliki. Wamemwambia huenda akapewa dawa hii baada yangu, kama mimi nitaivumilia. Alisimama mbali na kitanda, anavutavuta ncha ya mtandio wake.

"Shikamoo, bibi," akasema. "Samahani. Nilitaka kukuuliza kidogo, kama hujachoka."

"Marahaba, mwanangu," nikamwambia. "Vuta kiti."

Lala salama katika baridi yetu, dada. Nami zamu yangu ya kuja huko ikifika, jitayarishe, nitakuwa na majibu.

Mdogo wako wa kukufuata,
Zaina